Hesabu ya Upande Mmoja

Rafiki yangu mmoja aliishi miaka tisa kwenye ndoa bila kujua mshahara wa mumewe. Si kwamba hakuwahi kuuliza. Aliuliza mwaka wa kwanza, akajibiwa, "Kwani umekosa nini humu ndani?" Akatazama huku na huku, akaona kweli hajakosa: kodi imelipwa, watoto wanasoma, jikoni kuna moto. Akanyamaza. Mumewe, kwa upande wake, aliujua mshahara wa mkewe hadi senti ya mwisho, maana kadi ya benki alikaa nayo yeye, namba ya siri aliijua yeye, na ujumbe wa benki uliingia kwenye simu yake yeye. Kila asubuhi alimhesabia mkewe nauli ya kwenda kazini na kurudi. Siku chenji ikipungua, jioni lazima yatolewe maelezo.

Mwanamke huyu ana shahada na ajira ya kudumu. Hakuwahi kupigwa hata kofi, na majirani wangeulizwa wangesema ameolewa na mwanamume anayejali familia. Yeye mwenyewe kwa miaka mingi hakuwa na jina la kuliita jambo lile, na nadhani tatizo letu linaanzia hapo. Tukisikia "ukatili wa kiuchumi" tunamfikiria mume bahili anayeondoka asubuhi bila kuacha hela ya matumizi, au mlevi anayemaliza mshahara kabla haujafika nyumbani. Hao wapo, na watoto wao wanalala njaa. Lakini kwa kuwatazama hao peke yao tumejenga kipimo kibovu: tunauliza mume anatoa kiasi gani. Akitoa cha kutosha, tunafunga mjadala.

Mimi nauliza jambo lingine. Katika nyumba hiyo, nani anajua nini? Na nani analazimika kujieleza kwa nani?

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa. Kwenye ndoa ninazozizungumzia daftari lipo, tena limetunzwa vizuri, ila limejazwa ukurasa mmoja tu, wa mke. Mapato yake yanajulikana, matumizi yake yanakaguliwa risiti kwa risiti, na hata akimtumia mama yake mzazi kitu kidogo lazima kijulikane. Ukurasa wa mume ni siri, na kuuliza habari zake ni kukosa adabu. Mtu anayekujua nawe humjui anaweza kukupangia maisha yote, na maamuzi yake utayapokea kama unavyopokea mvua na jua: yanakuja, yanapita, hujui yametoka wapi. Mwezi huu hakuna ada ya shule. Mwezi ujao kuna gari jipya nje. Huwezi kubisha, kwa sababu huna tarakimu ya kubishia.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2021 kuhusu ukatili wa majumbani inaueleza ukatili wa kiuchumi kuwa mwenendo wowote unaoathiri kwa kiasi kikubwa uwezo wa mtu kupata, kutumia au kutunza fedha na mali, au kujipatia bidhaa na huduma. Naupenda ufafanuzi huo kwa ajili ya vitenzi vyake. Sisi huwa tunakitazama kile cha katikati tu, kutumia, kwa sababu ndicho kinachoonekana haraka: kunyimwa, kuhesabiwa, kuomba hela ya pedi kama mtoto. Madhara makubwa zaidi yamejificha kwenye kupata na kutunza.

Tuanze na kupata. Ni mara chache mume atasema wazi, "Acha kazi." Njia huzibwa polepole. Ugomvi unaanzishwa usiku wa kuamkia usaili, mke anafika pale akiwa hajalala. Vyeti havionekani siku vinapohitajika, halafu vinaonekana baada ya wiki. Mume anakuja kazini kwa mkewe mara mbili, mara tatu, akizusha maneno, mpaka bosi anachoka. Mtaji wa biashara ndogo unakopwa "kwa siku mbili" na haurudi, bidhaa zinaisha, wateja wanahama. Mtoto anaugua, na ni yule yule kila mara anayepaswa kuomba ruhusa kazini. Baada ya miaka kadhaa mwanamke yuko nyumbani, na simulizi rasmi ni kwamba alipenda mwenyewe. Tena atapewa jina la dhihaka, golikipa, na yule aliyemsukuma golini atakuwa wa kwanza kulitumia.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Adrienne Adams walitunga kipimo chenye maswali 28 cha kutambua unyanyasaji wa aina hii. Walichokifanya cha maana ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuna kumbana mtu asiifikie fedha iliyopo, na kuna kumnyonya, yaani kutumia fedha yake, jina lake na uwezo wake wa kukopa kwa faida ya mwingine. Mwanamke asiye na kipato hubanwa. Mwenye kipato hunyonywa, na kwa sababu ana kipato hakuna anayeamini kuwa anateswa.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa tumewaambia mabinti kwamba dawa ni kusoma na kupata kazi. Ni dawa, lakini haitoshi. Nimewaona wanawake ambao siku walipoanza kulipwa mshahara ndiyo siku waume zao walipoacha kuchangia. "Si na wewe sasa una hela?" Ada, chakula, umeme, maji, msichana wa kazi, vyote vikahamia kwa mama. Mshahara wa baba ukaenda kwenye kiwanja, kwenye ujenzi, kwenye mambo yenye hati na jina. Mgawanyo huu unaonekana wa haki kabisa hadi siku ya talaka au ya msiba. Yeye alinunua vitu vinavyoliwa, mwenzake alinunua vitu vinavyobaki. Miaka kumi na tano ya chakula haina stakabadhi, na nyumba ina hati yenye jina moja.

Jambo hili halikuzuka leo. Kwa karne nyingi lilikuwa sheria yenyewe. Chini ya sheria ya kale ya Uingereza, mwanamke akiolewa nafsi yake kisheria ilimezwa na ya mumewe: fedha yake, mshahara wake, vyote vya mume. Mwandishi Caroline Norton aliachana na mumewe mwaka 1836, na kwa kuwa walikuwa bado mke na mume machoni pa sheria, mume yule aliendelea kuwa na haki ya kudai malipo ya maandishi yake. Norton alijibu kwa hoja ile ile: kama mimi si mtu mbele ya sheria na chochote changu ni chake, basi madeni yangu pia ni yake, wanaonidai wamshtaki yeye. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiandika na kulishawishi Bunge. Ilichukua hadi mwaka 1870 mwanamke wa Uingereza aliyeolewa kuruhusiwa kumiliki ujira wake, na hadi 1882 kumiliki mali kwa jina lake.

Tusidhani kwamba hayo ni ya zamani sana. Ufaransa ilipitisha mwezi Julai 1965 sheria iliyomwezesha mke kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila idhini ya mumewe. Marekani ilikataza mwaka 1974 wakopeshaji kumbagua mtu kwa jinsia yake au kwa kuwa ameolewa. Kuna bibi wanaoishi leo ambao walihitaji sahihi ya mume ili waweke akiba yao benki. Sheria ile ilikufa. Tabia iliyozaliwa nayo ilibaki, ikahamia kwenye kadi ya plastiki na kwenye laini ya simu ambayo fedha ya mke inaingia ila imesajiliwa kwa jina la mume.

Kuna hoja ninayokutana nayo kila nikilizungumza hili: nyumba ni moja, mfuko ni mmoja, kuna haja gani ya kuuliza nani anashika nini? Wachumi nao kwa muda mrefu waliihesabu kaya kama mtu mmoja mwenye nia moja. Uingereza ikatoa jaribio zuri bila kukusudia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilibadilisha namna ya kusaidia familia zenye watoto. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya nafuu ilipitia kwenye kodi ya mshahara wa baba. Baada ya mabadiliko ikalipwa mkononi mwa mama. Mwaka 1997 wachumi Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales walichambua matumizi ya familia hizo, wakakuta kwamba fedha ilipohamia kwa mama, matumizi ya nguo za watoto na za wanawake yaliongezeka yakilinganishwa na ya nguo za wanaume. Nafuu ilikuwa ya familia zile zile. Kilichobadilika kilikuwa mkono unaoishika. Mfuko ungekuwa kweli mmoja, kusingekuwa na tofauti ya kupima.

Kwa hiyo anayesema "chetu ni chetu" huku amekaa na kadi zote anasema jambo ambalo yeye mwenyewe angelikataa akibadilishiwa nafasi. Mwombe ampe mkewe kadi yake na namba ya siri kwa mwezi mmoja tu, naye awe anaomba nauli. Jibu lake ndilo litakalokuambia kama ule ni mfuko wa wawili.

Zipo pingamizi zenye uzito zaidi, na sitaki kuziruka. Kuna nyumba ambazo fedha ni kidogo mno, na lazima mtu mmoja aishike kwa mkono mgumu la sivyo mwezi haufiki mwisho. Huo si ukatili. Ukali wa umaskini huwabana wote wawili: aliyeshika fedha naye anatembea kwa miguu, na mwenzake anajua kilichopo na kilichoisha. Kuna pia mke anayemkabidhi mumewe mahesabu kwa hiari, kwa kuwa hapendi tarakimu, au mume anayemkabidhi mke mshahara mzima. Hawa nao siwasemi, mradi siku yule mwingine akitaka kutazama daftari atafunguliwa bila vita. Na ni kweli kuna wanaume wanaofanyiwa haya haya na wake zao. Nawaamini wakisema. Ila sheria, mila na ukoo kwa kawaida havikumpa mke uwezo huo, na mwanamume akitaka kuondoka mara nyingi ana pa kwenda na jina lake liko kwenye hati.

Wengine wataniambia wanawake ndio mabingwa wa kuficha: akaunti za siri, vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo mume havijui, fedha iliyoshonewa kwenye pindo. Ni kweli, na siwezi kuwalaumu. Nadhani akiba ya siri ya mke mara nyingi ni kipimo cha hofu yake. Anayeweza kusema "hapana" mezani hana sababu ya kuficha chini ya godoro. Mwanaume anayelalamika kwamba mkewe anamficha ajiulize ni lini mara ya mwisho mke huyo alitaja kiasi alichonacho na kiasi hicho kikabaki kuwa chake.

Na wapo watakaonijia na dini, kwamba mume ni kichwa cha nyumba. Kwa Waislamu, Kurani katika Sura ya Nisaa, aya ya 32, inasema wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma. Ukichwa unaodaiwa hapa kwa hiyo hauwezi kuwa idhini ya kuchukua. Anayemnyang'anya mkewe mshahara kwa jina la dini aonyeshe ni wapi alipoambiwa afanye hivyo.

Sheria zetu haziko nyuma kama tunavyodhani. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake, inahesabu madhara ya kiuchumi kuwa sehemu ya ukatili dhidi ya wanawake, na inampa mwanamke haki ya kupata mali yake akiwa ndani ya ndoa na kuisimamia kwa uhuru. Afrika Kusini iliuandika unyanyasaji wa kiuchumi kwenye sheria yake ya ukatili wa majumbani mwaka 1998, Brazil na India zikafuata katika muongo uliofuata, Uganda mwaka 2010, Kenya 2015. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake.

Kilichowasumbua majaji zaidi ni ule ukurasa wa matumizi yasiyo na stakabadhi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mahakama za chini zilikuwa zimesema hakuchangia chochote. Uamuzi ule umewasaidia wanawake wengi tangu wakati huo. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu majaji waliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe wakati wa ndoa zilitosha kuwa fungu lake. Nchini Kenya sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inataja waziwazi kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango, na Mahakama ya Juu ikasisitiza Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia.

Athibitishe. Neno hilo linaniumiza. Aliyekuwa na daftari atathibitisha. Aliyepewa hela ya matumizi taslimu kwa miaka ishirini, akairudisha yote kwenye sufuria, atathibitisha kwa kitu gani? Mume akisema kwa kiapo kwamba biashara ile ilikufa na akaunti ile ni tupu, mke aliyezuiwa maisha yake yote kujua kuna akaunti ngapi atamkanushaje? Siri aliyoijenga mume wakati wa ndoa inageuka kuwa utetezi wake wakati wa talaka. Ndiyo maana nasema mahakama zinazogawa mali ya ndoa zingepaswa kuanza na kumtaka kila upande ufungue vitabu vyake vyote, na anayeficha aadhibiwe kwenye mgawanyo wenyewe. Bila hilo, haki ya kuchangia kwa kazi za nyumbani itaendelea kusomwa vizuri kwenye hukumu na kutoa kidogo mkononi.

Nimebakisha kitenzi cha tatu, kutunza, na adui yake mkubwa siku hizi ni mkopo. Mwanamke mwenye ajira ya kudumu ni dhamana inayotembea. Mume ana wazo la biashara, benki haimwamini, lakini mke ana hati ya mshahara. "Weka sahihi hapa, ni kwa ajili yetu wote." Rafiki yangu niliyeanza naye aliweka. Aliniambia hakuisoma ile karatasi, na kwamba afisa mikopo hakuwahi kumtazama usoni wala kumuuliza swali moja. Maswali yote alijibu mume, na yeye alielekezwa tu pa kuandika jina. Kwenye kumbukumbu za benki ile aliomba mkopo kwa hiari yake. Kile kinachoitwa hiari kilidumu kama dakika tano, akiwa amekaa katikati ya wanaume wawili waliokwisha kubaliana.

Hili linaweza kurekebishwa bila Bunge lolote kukaa. Mtu anayeomba mkopo au kumdhamini mwenziwe aitwe chumbani peke yake, aulizwe fedha inakwenda wapi, nani ataishika, na kama anajua kwamba wakitengana deni linabaki naye. Maswali matatu. Kadhalika wanaosuluhisha ndoa, wawe mashehe, wachungaji, wazee wa ukoo au maofisa ustawi wa jamii, waache kuuliza kama mume anatoa matumizi na waanze kuuliza kama mke anajua mume anapata kiasi gani, na kama kadi yake iko kwenye mkoba wake.

Kwa mwanamke anayejiona kwenye maneno haya nina la kusema, na nalisema kwa tahadhari, kwa sababu kumwambia mtu "fungua akaunti yako kesho" bila kujua anaishi na nani ni kumweka hatarini. Wakati mwanamke anapoanza kujinasua ndio wakati mwenzake anaweza kugeuka na kuwa mtu wa kuogopwa. Anza na visivyo na kelele. Nakala za vyeti, vitambulisho, hati na mikataba ziwe kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba hiyo. Andika ulicholipia, hata kwa penseli, hata kama ni gunia la mkaa. Uliza jina la nani liko kwenye hati ya kiwanja mnachojenga, na uulize kabla msingi haujachimbwa. Usiweke sahihi siku hiyo hiyo. Sema utaisoma kwanza, na uone uso wa mwenzako unavyobadilika. Atakayekuwa na subira atakusubiri.

Rafiki yangu alitoka kwenye ndoa ile mwaka wa kumi. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kwenda benki kubadilisha namba ya simu kwenye akaunti yake, na aliniambia alitetemeka alipokuwa akijaza fomu. Mume aliondoka na gari lililonunuliwa kwa ule mkopo, na kesi ya mgawanyo bado inaahirishwa. Sasa ujumbe wa benki unaingia kwenye simu yake mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi anasoma mshahara ulioingia, na chini yake makato ya gari ambalo hajui liko wapi. Imebaki miezi kumi na minne.